Kihamba Huanzia Zizini

Nikikaribishwa kwenye kihamba cha mtu, iwe Kibosho, Marangu au Rombo, huomba kwanza nionyeshwe zizi. Wenyeji hushangaa, kwa sababu wamezoea wageni wanaoinua macho juu. Mgeni huona migomba iliyoshonana, kahawa chini ya migomba, na miringaringa iliyotandaza matawi juu ya vyote, akapiga picha na kusema hapa ni peponi. Mimi nilifanya kazi ya ubibi shamba sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa ni mkulima kwenye kihamba alichoniachia marehemu mume wangu. Najua migomba hailishwi na mandhari. Nikikuta zizi lina ng'ombe aliyelalia matandiko makavu, na nyuma yake lundo la samadi limefunikwa vizuri, basi hata kahawa ikiwa imezeeka najua kihamba kile kina uhai. Nikikuta zizi limegeuzwa stoo ya mabati chakavu na matofali, najua migomba itaanza kudhoofika taratibu, mikungu itapungua vichane, na miaka michache baadaye wenye nyumba watasema udongo umechoka.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupanda kutoka mjini Moshi kuelekea mlimani, nieleze kidogo. Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba ya Mchaga. Vihamba vimepakana kimoja baada ya kingine kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro, kuanzia kama mita 900 hadi mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hata mpita njia hudhani yuko msituni kumbe amepita milango ya kaya nyingi. Mwaka 1984 watafiti watatu, Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe, walichapisha utafiti uliovitangaza vihamba kwa wataalamu wa kilimo duniani. Walihesabu aina zaidi ya 100 za mimea, zikiwamo aina zaidi ya 50 za miti, na kwa upande wa migomba peke yake walikuta aina 15. Yote hayo kwenye vihamba ambavyo wastani wake ulikuwa hekta 0.68, yaani ekari moja na nusu na ziada kidogo.

Wingi huo wa mimea ndio unaotajwa kila mara, nami siubezi. Lakini mtu anaweza kupanda aina mia za mimea na bado akafa njaa. Kinachofanya kihamba kilishe familia ni kwamba kila kinachobaki mahali pamoja kina mahali pengine kinapohitajika, na kuna mtu anayekichukua huku na kukipeleka kule. Huyo mtu nitamrudia, kwa sababu kwenye ripoti nyingi nilizosoma hayumo.

Juu kabisa husimama miti mirefu. Kuna mfuruanje, ambao wengi wetu tunauita mruka. Ni wa jamii ya mikunde, na majani yake madogo huanguka na kuoza upesi, yakirudisha rutuba kwenye udongo wa juu. Kuna mringaringa, ambao baba huupanda mtoto akizaliwa ili aje apate mbao za kujengea. Kuna msesewe, ambao magome yake machungu ndiyo yanayoipa mbege, pombe yetu ya ndizi, ukali wake. Chini ya miti kuna migomba, chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna magimbi, maharage na mnafu, huku viazi vikuu vikiparamia mti wowote vinaoukuta. Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia, ilikokuwa ikiota chini ya miti mikubwa, kwa hiyo kivuli si adha kwake. Matunda hukomaa polepole, magugu hupungua, na unyevu haukauki upesi. Kwenye mteremko mkali kama wetu kuna faida nyingine kubwa zaidi: tone la mvua linapigwa na majani ya ngazi tatu au nne kabla ya kufika chini, nalo linafika limekwisha nguvu. Udongo wetu unabaki kwetu, hauendi na Mto Weruweru kwenda kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu.

Sasa twende zizini.

Ng'ombe wangu ni chotara wa Friziani, hatoki nje. Hula majani ya magwatemala na majani tembo niliyopanda kwenye kingo, mabua ya mahindi kutoka tambarare, maganda ya ndizi kutoka jikoni, na shina la mgomba uliokatwa, ambalo ni maji zaidi kuliko chakula lakini wakati wa kiangazi humsaidia sana. Anayofanya na chakula hicho ndiyo habari yenyewe. Maziwa tunayaona wote. Mavi nayo tunayaona. Kinachopotea kwenye nyumba nyingi ni mkojo, na mkojo ndio wenye sehemu kubwa ya naitrojeni na potasiamu anayotoa mnyama. Mgomba ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Ukiacha mkojo uzame kwenye tope la zizi, umemwaga mbolea ambayo kesho utakwenda kuinunua dukani.

Kwangu sakafu ya zizi ni ya mawe yaliyopangwa, na imeinamia upande mmoja. Juu yake natandika majani makavu ya migomba, maganda ya maharage na masalia ya magwatemala ambayo ng'ombe ameyakataa. Matandiko hayo hunywa mkojo usiku kucha. Asubuhi yakiwa yamelowa natoa yote na mavi yake, napeleka kwenye lundo lililo chini ya kivuli, nafunika kwa majani mabichi ya mgomba. Jua likilipiga lundo wazi utasikia harufu kali inayowasha pua, na hiyo ndiyo naitrojeni inayokimbia hewani. Mvua ikilipiga, uzuri wote unatiririka kwenda kwa jirani wa chini. Ndani ya lundo nimechomeka kijiti kirefu. Nikikichomoa kikawa cha moto mkononi, lundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, nanyunyiza maji na kulipindua, yaliyokuwa nje yaingie ndani. Baada ya miezi kama mitatu kinachotoka ni kitu cheusi, chepesi, kinachonukia udongo baada ya mvua, na huwezi tena kutofautisha jani na mavi.

Samadi hiyo siiweki kwenye shina la mgomba. Naizungushia umbali wa hatua moja hivi kutoka shinani, zaidi upande wa juu wa mteremko, mvua ikija iishushe kwenye mizizi. Kwenye shina la migomba naacha mitatu tu, tuliyowafundisha wakulima kuiita mama, mtoto na mjukuu: mmoja wenye mkungu, mmoja unaokua, mmoja unaochipua. Mingine yote naing'oa, hata ikionekana mizuri. Wazee wengine huhuzunika kuona machipukizi yanatupwa, lakini shina lenye migomba minane huzaa mikungu ya kuaibisha. Nikikata mkungu, mgomba wake naukatakata. Sehemu inakwenda kwa ng'ombe, sehemu natandaza chini itunze unyevu, na kisiki nakifumua kabisa, maana fukusi wa migomba huzaliana humo.

Huo ndio mzunguko wa kihamba kwa ufupi wake: mgomba unamlisha ng'ombe, ng'ombe anailisha migomba na kahawa, mti unavitunza vyote kwa kivuli na majani yake, na jiko linapokea ndizi na kurudisha maganda na majivu. Nyumba nyingine zimeongeza biogesi katikati. CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya kilimo pale Arusha, wamekuwa wakieneza mitambo hiyo kwa miongo mingi, na mavi ya ng'ombe wawili, yakichanganywa na maji sawa kwa sawa, yanatosha kupikia familia ndogo chai, mtori na maharage. Tope linalotoka kwenye mtambo halijapoteza nguvu yake ya mbolea. Linakwenda migombani kama kawaida. Anayejenga apige hesabu ya maji kwanza. Nimeona mitambo iliyokufa si kwa ubovu, ila kwa sababu bomba la karibu lilikuwa mbali na mama wa nyumba alichoka.

Nimeulizwa mara nyingi na vijana wa mjini: shamba la ekari moja lenye kila kitu kidogokidogo, pesa iko wapi? Wana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba pesa ya kihamba ni ndogo lakini haikai mbali. Maziwa huuzwa asubuhi na jioni. Ndizi huiva mwaka mzima. Mkungu wa mshare ukikataliwa sokoni unarudi nyumbani kuwa mtori au kiburu, na ndizi za kitarasa zinakuwa uji wa mzazi. Maharage huvunwa baada ya masika. Kahawa huanza kuiva kuanzia mwezi wa saba hadi karibu na Krismasi, kwa hiyo pesa yake inaingia wakati ada za Januari zinapokaribia. Mringaringa hukatwa, tena kwa kibali, siku ya kuezeka nyumba au ya ugonjwa mkubwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuibeba familia peke yake, na hakuna kimoja ambacho kikianguka kitaiangusha.

Tumelijua hilo kwa uchungu. Kahawa ililetwa Uchagani na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na ndani ya vizazi viwili iliubadilisha mlima. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho kila mtoto wa Moshi amelisoma jina lake ukutani. Kahawa ilijenga shule, makanisa, zahanati na nyumba za mabati. Kisha mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafika chini kabisa. Wakati huohuo magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, yalitaka dawa ambazo bei yake haikushuka hata kidogo. Kilo tano au sita za matunda mekundu, zilizochumwa moja moja kwa mkono, hutoa kilo moja tu ya kahawa kavu. Watu walikokotoa, wakaacha kupogoa, wengine wakang'oa.

Lakini Kilimanjaro haikufa njaa, na sababu ni ndizi na maziwa. Hapa nataka wasomaji wanaume wanisikilize vizuri. Kwenye nyumba nyingi za Kichaga kahawa ilikuwa ya baba. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye kitabu cha ushirika, na malipo yalipokelewa naye. Ndizi, maziwa, magimbi na mboga vilikuwa vya mama, vikihesabika kama vitu vya jikoni, fedha ya chumvi na mafuta ya taa. Bei ya kahawa ilipoanguka, fedha ya chumvi ndiyo iliyolipa ada. Malori ya ndizi yakaanza kushuka Dar es Salaam, hadi lile soko la Mabibo linaloitwa Mahakama ya Ndizi. Mikungu ya Moshi ikishushwa pale, kuna mwanamke nyuma yake aliyeibeba hadi barabarani, na kuna dalali katikati anayenunua kwa mkungu badala ya kilo. Mkungu mkubwa na mkungu wa wastani huuzwa kwa karibu bei moja, hivyo anayeutunza mgomba wake vizuri halipwi kwa utunzaji huo. Mizani ingeingia kwenye minada yetu ya ndizi, samadi ingepata thamani kesho yake asubuhi.

Sasa nimrudie yule mtu anayebeba.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anataka kilo 50 hadi 60 za majani mabichi kwa siku. Kihamba cha ekari moja kilichojaa kahawa na migomba hakiwezi kuyatoa yote. Kwa hiyo tangu zamani majani yamekuwa yakitoka kwingine: mabua na nyasi kutoka mashamba ya tambarare, kilomita nyingi chini ya mlima, na majani ya ukanda wa juu tunaouita nusu maili, ule mstari wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na malisho. Mzigo mmoja wa kichwani ni kama kilo 30. Fanya hesabu mwenyewe: ng'ombe mmoja ni mizigo miwili kila siku, Jumapili na sikukuu, mvua na jua, mjamzito na asiye mjamzito. Msitu wote ulipounganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, nafasi ya kukata majani huko juu ilibana zaidi. Sipingi kulindwa kwa msitu, na nitaeleza kwa nini. Ninachosema ni kwamba mzigo ule haukutoweka. Ulihamia njia nyingine ndefu zaidi, kwenye vichwa vilevile.

Mke wa jirani yangu, binti wa miaka thelathini na kitu, alikuja kwangu msimu uliopita wakati nageuza lundo. Akasimama kidogo, akasema, "Shikamoo Mama. Nimekuja unishauri. Ng'ombe nampenda, ila shingo imekataa."

"Marahaba mwanangu. Mzee wako anasemaje?"

"Anasema kihamba bila ng'ombe ni aibu."

Mume yuko Arusha, dereva, hurudi mwisho wa mwezi. Watoto wako shule. Kijana wa kukata majani anataka mshahara unaokaribia pesa ya maziwa yenyewe. Hakuna mtaalamu aliyewahi kumuuliza yule binti anatembea umbali gani kwa siku. Mafunzo aliyopata yote yalihusu pumba, mashudu, chanjo na usafi wa kiwele, mambo mazuri na ya lazima, lakini kila moja lilikuwa kazi mpya juu ya kazi.

Ndiyo maana nikisikia kihamba kikisifiwa kwamba kinajitosheleza, huwa naumia. Kinatoshelezwa na mtu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitambua Shimbwe Juu, kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Tulifurahi, na kwa haki. Wakulima wa kule walisaidiwa kuingia kwenye kahawa isiyotumia kemikali na kupanda vanila, na mifereji ikafanyiwa ukarabati. Hiyo ni njia nzuri ya kukienzi kihamba: kukiongezea pato, si kukipamba. Lakini pato jipya lisipopunguza mzigo wa kichwani, wasichana wanaokua leo wataukimbia mlima, na hawatakuwa na kosa lolote.

Maji nayo yana wabebaji wake. Mifongo yetu, mifereji inayochepusha maji ya mito na kuyapitisha kwenye mbavu za vilima hadi vihambani, ni kazi ya vizazi vya Wachaga waliojua kupima mwinuko kwa macho. Juu kuna nduwa, bwawa dogo linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila ukoo una zamu yake. Siku ya kusafisha mfongo, asiyefika hutozwa faini, au zamani alitoa mbege. Watu wengi wanaamini maji haya yanatoka kwenye barafu ya Kibo, na kwa kuwa karibu asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007, wanaona tumekwisha. Ukweli ni kwamba mchango wa barafu kwenye mito yetu ni mdogo. Mvua kubwa kabisa ya upande wa kusini hunyesha ndani ya msitu, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, na huko ndiko mito inakoshiba. Moto ukiunguza msitu wa juu, au misumeno ikiingia, mfongo wangu utakauka hata barafu ingerudi yote. Kwa sababu hiyo nasimama na wanaoulinda msitu, nikiomba tu walinzi nao wakae chini na akina mama wapange majani yatatoka wapi.

Kuna njia zinazofaa, nimeziona zikifanya kazi. Kingo za mfongo na mipaka ya vihamba, mahali palipokuwa pameota magugu, hubeba magwatemala na majani tembo ya kutosha kupunguza mzigo mmoja kati ya miwili. Masale ya mpaka yabaki, hakuna anayeyagusa, lakini mbele yake kuna nafasi ya mstari wa kaliandra. Utafiti uliofanyika Embu, Kenya, ulionyesha kwamba kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zinafanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na mti wenyewe unarutubisha udongo. Mashine ya kukatakata majani hufanya ng'ombe ale hadi vipande vigumu alivyokuwa akivitupa; kikundi cha akina mama kinaweza kuinunua kwa kuchangishana. Mabua ya tambarare sasa hupandishwa kwa pikipiki ya toyo, kaya nne zikigawana nauli. Na kwa kihamba kilichogawanywa mno, mbuzi wa maziwa wawili wanaweza kufaa kuliko ng'ombe mmoja.

Kugawanywa mno ndilo donda letu jingine. Baba alimpa mtoto wa kwanza kipande, wa mwisho akabaki kwenye nyumba ya wazazi, wa katikati wakatafutiwa kwingine. Zamani "kwingine" kulikuwapo. Leo wa katikati nao wanajenga palepale, na penye migomba ishirini panasimama msingi wa nyumba. Mabinti mara nyingi hawakuhesabiwa kabisa, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Mimi mume wangu alipofariki, ukoo ulikaa kikao kirefu kuamua kama nibaki. Nilibaki, na naamini waliopiga kura upande wangu walikuwa wamewahi kuliona lundo langu la samadi. Lakini haki ya mjane haipaswi kusubiri mtu akague zizi lake, na ardhi ambayo mtunzaji hana uhakika nayo haipandwi mti wa miaka thelathini.

Msomaji aliye Rungwe, Lushoto au Kasulu ataniuliza haya yanamhusu nini. Namsihi asinunue miche ya kahawa kwa sababu ameisoma hapa. Kwa Wahaya, kule Kagera, kibanja kinafanya kazi hiyohiyo kwa ndizi na kahawa ya robusta. Wagedeo wa kusini mwa Ethiopia, ambao mandhari yao ya kilimo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023, wanaweka enseti pale tunapoweka mgomba. Nchini Vietnam familia za wakulima huunganisha bustani, bwawa la samaki na banda la mifugo, na tope la bwawa ndilo samadi yao. Mimea ni tofauti kila mahali. Anayetaka kuanza aangalie kwanza kwake kuna nini kinachotupwa au kuchomwa moto: mabua, pumba, mkojo wa mbuzi, kinyesi cha kuku, maji ya kuoshea vyombo. Kisha aulize ni kiumbe gani kwake kinakihitaji, na nani atakibeba, kwa saa ngapi. Jibu la swali hilo la mwisho likiwa ni mama peke yake, mpango huo haujakamilika, na aurudie kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Mimi msimu huu nimetoa kahawa iliyozeeka upande wa chini na kuchimba mashimo ya futi mbili kwa mbili kwa ajili ya miche ya vikonyo kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, aina inayostahimili chulebuni na kutu, nisiwe mtumwa wa dawa. Kila shimo nimelipa madebe mawili ya samadi. Nimepanda michache kuliko iliyokuwapo, kwa sababu nimehesabu samadi yangu na najua inatosha ngapi.

Na yule binti aliuza ng'ombe. Mume alinuna kikao kizima, kisha akakubali alipoona hesabu ya majani kwenye daftari. Wamenunua mbuzi wawili wa maziwa, na sasa anakata majani yote ndani ya kihamba chake na kwenye ukingo wa mfongo. Shida ni kwamba mbuzi wawili hawatoi samadi ya kushibisha migomba yote iliyokuwa ikilishwa na ng'ombe. Tumekaa tukakubaliana: yeye ana ukingo mrefu wa mfongo wenye majani anayobakiza, mimi nina samadi. Kwa kila mizigo mitano ya majani anayoniletea kijana wake kwa toroli, anarudi na toroli mbili zilizojaa kutoka kwenye lundo langu. Masika yakiisha tutapima upya, maana majani ya masika yana maji mengi na yeye anaona toroli mbili hazitoshi.